Kutoka nje ya biro: je, michezo ya kiwanjani inaweza kweli kujenga ekipe ya kazi?

Siku ya salongo, kule Nyakasanza kama katika mitaa mingine ya mji wa Bunia, mtu akisimama kando ya barabara na kuangalia tu anaweza kujifunza mengi juu ya uongozi. Pengine ataona kikundi cha watu ishirini wenye majembe ya kutosha, lakini saa nne inafika mfereji ungali umejaa takataka. Kila mtu anachimba pake, wengine wamesimama, na udongo uliotolewa unarudi ndani. Mbele kidogo kuna watu wanane tu, na wamekwisha kumaliza. Hawana nguvu kuwapita wale ishirini. Wamegawana kazi, na mama mmoja aliposema, "Ngojeni, maji hayatapita hapa, tuanzie kule chini," walimsikiliza.

Kwa miaka mingi sasa, makampuni, shule na mashirika ya nchi nyingi yanawatoa wafanyakazi wao nje ya biro ju ya sababu hiyo. Wanapelekwa kiwanjani, mlimani ao msituni, wanapewa kazi ya kufanya pamoja, kiisha wanakaa chini kuzungumza juu ya namna walivyofanya. Bunia pia jambo hili si geni. Mji una mashirika ya misaada, shule, hospitali, benki na redio, na mara kwa mara mtu anasikia kwamba biro fulani imekwenda "kuimarisha ekipe".

Shida ni kwamba mara nyingi siku ile inaisha na soda, picha na fulana mpya. Jumatatu watu wanarudi kwenye viti vyao na ugomvi wao ule ule. Basi, mazoezi ya nje yanasaidia wakati gani, na wakati gani ni kupoteza pesa? Na katika mji kama Bunia, yanaweza kuleta hatari gani?

Wazo lilianza na mabaharia

Mtu anayetajwa sana katika historia hii ni Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886. Alimpinga Hitler waziwazi, akafungwa mwaka 1933, na mwaka ule ule akahamia Uingereza. Mwaka 1934 alianzisha shule ya Gordonstoun kule Scotland. Kwake yeye, mtoto hafundishwi kwa kitabu peke yake. Apewe pia kazi ngumu ya kweli, baharini ao mlimani, mahali ambapo mwenzake anamtegemea.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, meli za Uingereza zilikuwa zinazamishwa. Inasimuliwa kwamba Lawrence Holt, mkubwa wa kampuni moja ya meli, alishangaa: katika mashua za kuokoa maisha, vijana wenye nguvu walikuwa wanakufa upesi kuliko mabaharia wazee. Alifikiri kwamba vijana wale walikosa uzoefu, na walikosa moyo wa kujiamini na kuwaamini wenzao. Mwaka 1941, Hahn na Holt walifungua pamoja shule ya Outward Bound kule Aberdovey, katika nchi ya Wales.

Wazo lile lilifika Afrika ya Mashariki haraka. Katika miaka ya 1950 shule ya Outward Bound ilikuwa imekwisha kuanza Loitokitok, Kenya, chini ya mlima Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Tanzania. Vijana waliotumwa na shule na wakubwa wa kazi mbalimbali waliishi pamoja, wakakimbia, wakajifunza kutumia kamba, na mwishoni wakajaribu kupanda mlima ule wenye urefu wa mita 5,895. Mlima haukujali nani ni mtoto wa shefu na nani ni mtoto wa mlinzi. Baridi ilikuwa moja kwa wote.

Baadaye makampuni ya Ulaya na Marekani yalichukua njia hiyo kwa kufundisha wakubwa wao wa kazi. Hapo ndipo yalipoingia mazoezi mafupi ya siku moja ao mbili: kuvuka kitu, kujenga kitu, kutafuta njia. Na hapo pia ndipo wengi waliposahau kwamba mchezo peke yake haufundishi.

Mchezo ni mlango, mafundisho yako ndani

Mwaka 1984 mwalimu mmoja wa Marekani, David Kolb, aliandika juu ya namna mtu mzima anavyojifunza kwa kutenda. Alionyesha hatua nne zinazozunguka kama gurudumu. Kwanza mtu anafanya jambo. Pili anaangalia nyuma: nini kimetokea? Tatu anatafuta fundisho: kwa nini imekuwa hivi? Nne anajaribu tena kwa namna nyingine. Kiisha anaanza upya.

Sasa, siku nyingi za "kuimarisha ekipe" zinafanya hatua ya kwanza tu. Watu wanakimbia, wanacheka, wanavuta kamba, kiisha wanakula. Hatua ya pili, ya tatu na ya nne hazifanyiki. Ni kama mkulima aliyepanda mahindi vizuri sana, halafu akarudi nyumbani na kusahau kwamba kuna kupalilia na kuvuna.

Kanuni nyepesi inaweza kusaidia: kila nusu saa ya mchezo ifuatiwe na nusu saa ya mazungumzo, kwa uchache. Watu wakae kwa duara, chini ya mti, na waulizwe maswali manne kwa utaratibu:

Nini kimetokea? Hapa watu waseme mambo waliyoona tu, bila kulaumu.

Kwa nini imetokea hivyo? Nani alisikilizwa, nani hakusikilizwa, nani alijua jibu lakini akanyamaza?

Wapi katika kazi yetu tunafanya vile vile?

Jumatatu tutabadilisha jambo gani moja?

Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo lenye thamani. Kama ekipe haikufika pale, ilikuwa siku ya mapumziko. Mapumziko si mabaya, lakini yaitwe kwa jina lake.

Kuna jambo lingine la kujua. Mwaka 1965 Mmarekani Bruce Tuckman alieleza kwamba vikundi vingi vinapita hatua nne: watu wanakutana na kuogopana kidogo, kiisha wanagombana, kiisha wanapatana juu ya kanuni, mwishoni ndipo wanafanya kazi vizuri. Maana yake, ugomvi katika ekipe mpya si dalili kwamba kila kitu kimeharibika. Zoezi zuri linaleta ugomvi mdogo mahali penye usalama, ili watu wajifunze kuumaliza. Mwongozaji anayekimbia kuuzima ugomvi kwa wimbo na makofi anaondoa dawa yenyewe.

Mazoezi manne yanayoweza kufanyika kiwanjani

Hakuna haja ya kwenda mbali wala kukodi vifaa vya bei kali. Kiwanja cha shule, uwanja wa kanisa ao parseli kubwa yenye kivuli inatosha. Kikundi kizuri kina watu sita mpaka kumi na wawili. Wakiwa wengi zaidi wagawanywe, la sivyo nusu watakuwa watazamaji. Mtu mmoja ao wawili wabaki pembeni na daftari, wakiandika mambo wanayoyaona: nani amesema mara ngapi, nani amekatwa maneno, nani alisogea nyuma.

La kwanza ni mto wa uongo. Mistari miwili inachorwa chini kwa majivu, kati yake hatua kumi hivi. Kati ya mistari ni "mto". Watu wanane wanapewa mbao fupi nne tu, na wote wanapaswa kuvuka bila mguu kugusa maji. Ubao ambao hakuna aliyeushika wala kuukanyaga, mto unaubeba: mwongozaji anauchukua. Karibu kila mara, wa mbele wanakwenda mbio na kusahau wa nyuma. Ubao wa kwanza unapotea, kiisha wa pili, na watu wa nyuma wanabaki bila njia. Hapo mazungumzo yanakuja yenyewe: katika kazi, ni nani anayebaki nyuma ya mto? Mara nyingi ni wafanyakazi walio mbali, kwenye kijiji ao kituo cha afya, wanaosubiri dawa, mafuta ao habari, wakati watu wa biro wamekwisha kuvuka.

La pili ni turubai bila sauti. Ekipe inapewa turubai moja, ile watu wengi wanaiita shitingi, pamoja na miti miwili na kamba, na dakika ishirini za kusimamisha kivuli. Dakika kumi za kwanza, hakuna ruhusa ya kusema. Dakika kumi za pili, wote wanasema isipokuwa shefu. Zoezi hili linaonyesha wakubwa kitu ambacho hawakioni kila siku: kazi inaweza kuendelea bila amri yao, na pengine mlinzi wa usiku ndiye anayejua kufunga kamba kuliko wote.

La tatu ni chakula cha mchana. Ekipe inapewa bahasha yenye pesa kidogo, makala na sufuria, na inapika chakula chake. Lakini kazi zinagawanywa kwa kura. Kura ikimwangukia kontable, atachambua sombe. Ikimwangukia shofere, yeye ndiye atakayepanga bajeti na kuleta hesabu mpaka franka ya mwisho. Bila kura, akina mama wote watajikuta kwenye moto na wanaume wote kwenye viti, na siku nzima itakuwa imefundisha kinyume cha lile lililokusudiwa.

La nne ni salongo yenyewe. Biro inakwenda kwa mkuu wa mtaa, inaomba kazi moja inayoweza kumalizika kwa asubuhi moja: kusafisha mfereji, kutengeneza uzio wa shule, kupanda miti. Hili pengine ndilo zoezi bora kuliko yote, sababu si la uongo. Mvua ikinyesha, mfereji utasema kama ekipe ilifanya kazi vizuri. Na wakaaji wa mtaa wanabaki na kitu. Rwanda, siku ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, watu wanafanya kazi ya pamoja inayoitwa umuganda, na sehemu ya maana ya siku ile ni mkutano unaofuata, pale majirani wanapozungumza shida zao. Kazi kwanza, mazungumzo nyuma: ni gurudumu lile lile.

Shefu akae wapi?

Mwingereza John Adair, aliyefundisha katika chuo cha maofisa wa jeshi cha Sandhurst katika miaka ya 1960, alieleza kwamba kiongozi ana mambo matatu ya kuangalia kwa wakati mmoja: kazi ifanyike, ekipe ibaki pamoja, na kila mtu mmoja mmoja apate haja yake. Akiangalia kazi peke yake, watu wanachoka na kuondoka. Akiangalia watu peke yao, kazi inakufa. Mazoezi ya nje yanasaidia kiongozi kujiona: upande gani anaangalia sana, na upande gani amesahau.

Lakini atajiona tu kama amekubali kushuka. Shefu anayefika saa tano kwa gari, anatoa hotuba ya kufungua, anapigwa picha na kuondoka, ni bora abaki biro. Wafanyakazi watasoma maana yake mara moja: mafunzo ni ya wadogo. Shefu ambaye katika zoezi la kwanza anachukua ubao kama wengine, na katika la pili anakubali kufunga mdomo, anafundisha bila maneno.

Kuna mpaka pia. Mambo yaliyosemwa chini ya mti yasitumiwe kama silaha nyuma. Mfanyakazi akisema, "Shefu, mara nyingi unatukata maneno," na mwezi unaofuata mkataba wake hautengenezwi upya, basi biro nzima imejifunza kunyamaza kwa miaka kumi. Kwa hiyo mbele ya kuanza, shefu atoe ahadi hiyo mbele ya wote, na aitunze. Kama hawezi kuitunza, asiite watu kwa mazungumzo.

Mambo ambayo Bunia isiige

Vitabu na video za intaneti zimejaa michezo iliyotungwa kwa watu wengine. Kuna ule wa kufungwa macho kwa kitambaa na kuongozwa na mwenzako. Kuna ule wa kuanguka nyuma ukitumaini kwamba wenzako watakudaka. Kuna wa kufungwa mikono pamoja. Mahali pengine watu wanacheka. Bunia si mahali pengine.

Mwezi wa tano mwaka 2003, vikundi vyenye silaha vilipogombania mji, watu waliuawa hata ndani ya parokia ya Nyakasanza, mahali ambapo walikuwa wamekimbilia. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vimerudi vijijini, hasa upande wa Djugu, na familia nyingi zilizokimbia ziko mjini. Katika biro ya watu kumi na wawili, hakuna anayejua mwenzake amebeba nini moyoni. Kumfunga mtu macho na kumwambia "tumaini tu" kunaweza kumrudisha mahali ambapo hataki kurudi hata siku moja. Tena, imani kati ya watu wa makabila mbalimbali haijengwi kwa kuanguka mikononi. Inajengwa polepole, mtu anapoona kwamba mwenzake ametimiza neno lake mara ya kwanza, ya pili na ya kumi.

Basi kanuni ya kwanza iwe hii: kila zoezi ni la hiari, na mtu akisema "mimi nitaangalia tu," asiulizwe sababu. Huenda ni mama mwenye mimba ambaye bado hajatangaza. Huenda ni mtu mwenye maumivu ya mgongo, mwenye shinikizo la damu, ao mwenye kumbukumbu mbaya. Apewe daftari la kuandika anayoyaona. Kazi hiyo ni ya maana sawa na nyingine. Na vikundi vichanganywe kwa kura, si kwa kuchagua rafiki, ili watu wasijipange kwa kabila ao kwa lugha.

Kanuni ya pili ni ya mahali. Mazoezi ya kutafuta njia kwa ramani yanapendwa sana kwingine. Lakini Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Kikundi cha watu wanaotembea na ramani wakipiga picha huku na huku, hasa karibu na kambi ya askari ao kizuizi, kinaweza kuleta mashaka makubwa. Mkuu wa mtaa na wakubwa wa usalama wajulishwe mapema, kwa barua. Siku ianze asubuhi na iishe mapema mchana, ili kila mtu arudi kwake jua lingali juu. Kwenda mbali na mji "ju ya hewa nzuri" si jambo la kuamua kwa kupenda mandhari.

Kanuni ya tatu ni ya maji. Mto Shari na Ziwa Albert vinavutia, lakini maji hayana mchezo. Tarehe 22 mwezi wa tatu 1993, kule Lyme Bay, pwani ya kusini ya Uingereza, wanafunzi wanane na mwalimu wao walikwenda baharini kwa mitumbwi midogo pamoja na waongozaji wawili wa kituo kimoja cha michezo ya nje. Safari ilikuwa ya saa mbili hivi. Upepo uliwasukuma mbali, msaada ulichelewa, na wanafunzi wanne walikufa.

Mahakamani ilijulikana jambo zito kuliko upepo. Miezi kadhaa mbele ya msiba, waongozaji wawili waliokuwa wakifanya kazi pale walimwandikia mkubwa wa kituo barua ya kumwonya kwamba usalama hautoshi. Onyo halikufuatwa. Mwaka 1994 mkubwa yule alihukumiwa kifungo, na kampuni yenyewe ikahukumiwa kwa kosa la kusababisha vifo. Mwaka 1995 Uingereza iliweka sheria ya kusimamia vituo vya namna hiyo. Kumbe kituo kilichokuwa kinawafundisha wengine ushirikiano hakikuwa na sikio kwa wafanyakazi wake.

Vitu vya kutayarisha si vingi: maji safi ya kunywa, kivuli, sanduku la dawa za kwanza, choo kinachofaa wanawake na wanaume, na gari ao pikipiki iliyo tayari ikiwa mtu ataumia. Mtu mmoja achaguliwe kuwa mwenye neno la mwisho juu ya usalama. Akisema "simama", wote wanasimama, hata shefu.

Kile ambacho mchezo hauwezi

Kuna mashirika yanayotumia mazoezi ya nje kama rangi ya kupaka ukuta uliopasuka. Wafanyakazi hawajalipwa miezi mitatu, wanaitwa kucheza. Kazi zimetolewa kwa ndugu wa mkubwa, wanaambiwa waimbe wimbo wa umoja. Mtu amelalamika juu ya mkubwa anayesumbua wasichana, anajibiwa kwamba ekipe itakwenda mapumziko. Hayo si mafunzo. Ni kuwafunga watu mdomo kwa soda.

Mchezo haulipi mshahara. Hautengenezi mkataba mbaya, haurudishi pesa iliyoibiwa, hauchukui nafasi ya sheria ya kazi. Ikiwa shida ya biro ni haki, itafutwe haki. Ikiwa shida ni kwamba watu hawasikilizani, hawajui nani anafanya nini, ao wanaogopa kusema, hapo ndipo kiwanja kinaweza kusaidia. Mbele ya kutoa pesa, wakubwa wajiulize kwa ukweli: shida yetu ni ya namna gani? Na wawaulize wafanyakazi pia, bila kutaja majina, kwa karatasi ndogo ndani ya sanduku.

Jumatatu asubuhi ndiyo mtihani

Mazungumzo ya mwisho wa siku yatoe jambo moja, mawili yakizidi sana. Yaandikwe kwa maneno ya kawaida, yenye jina la mtu na tarehe. "Tutashirikiana vizuri" si jambo. Hakuna anayeweza kulipima. "Kila Jumatatu saa mbili, mbele ya gari kutoka, shofere ndiye anayesema wa kwanza juu ya hali ya barabara" ni jambo. "Ripoti ya stoki itafika kwa ekipe ya kijijini kila Ijumaa, na sekretere ndiye atakayeituma" ni jambo. Nyuma ya mwezi mmoja, na tena nyuma ya miezi mitatu, ekipe ikae nusu saa na kujiuliza: tumefanya ao hatukufanya? Kama hatukufanya, nini kilituzuia?

Mfano ule wa shofere si wa bure. Katika jimbo ambapo barabara inaweza kuwa salama leo na mbaya kesho, mtu anayejua kwanza mara nyingi si mwenye kiti kikubwa. Ni shofere aliyezungumza na wenzake kwenye parkingi, ni mlinzi aliyesikia jambo usiku, ni mama wa usafi ambaye ndugu zake wako kijijini kule. Biro inaweza kuwa na magari mapya, redio za mawasiliano na kanuni ndefu za usalama, lakini ikiwa shofere anaogopa kusema "Shefu, leo hapana," vitu vile vyote havitoshi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema. Wafanyakazi wa Nyakasanza hawahitaji mlima wa mita 5,895 ili kulielewa neno hilo. Mbao nne, majivu kidogo na kivuli cha mti vinatosha kuanzia. Kipimo chenyewe kitakuja asubuhi moja ya kazi, injini ikiwa imekwisha washwa na mizigo imefungwa, wakati aliye mdogo kuliko wote atakaposema "ngojeni kidogo," na aliye mkubwa kuliko wote atakaposhuka garini kumsikiliza.